Nilimpima Bely kwa Mizani ya Joyce

Nilikosea, na aliyeumia ni mwanafunzi wangu. Alinijia akitaka kuandika tasnifu kuhusu mkondo wa fahamu, yaani mbinu ya kuyaandika mawazo ya mhusika jinsi yanavyopita, katika Petersburg, riwaya ya Andrei Bely. Nikamwambia aachane nayo. Mbinu hiyo ni ya James Joyce, nilisema. Wasimboli wa Urusi, Bely akiwemo, waliiga tu, tena kwa kubabaisha. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, alinitii, akabadilisha mada.

Hata miaka sikuwa nimeiangalia. Petersburg ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1913, ikawa kitabu mwaka 1916. Ulysses ya Joyce ilitoka kama kitabu mwaka 1922. Huyo mwigaji aliiga nini?

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa katika usomaji wangu. Riwaya nilikuwa nimeipitia mbiombio, nikitarajia mawazo ya mhusika yabaki kichwani mwake, nami niyasikie yakipita. Kwa Bely hayabaki. Seneta Apollon Apollonovich Ableukhov anawaza ovyo, na wazo linatoka katika fuvu lake, linavaa mwili, linatembea mitaani likiwa mtu mwenye masharubu meusi. Msimulizi anaiita hali hii mchezo wa ubongo. Mimi niliandika pambizoni kwamba mwandishi amepotewa na mtazamo. Kumbe ustadi wake uko papo hapo. Wasimboli waliuona ulimwengu huu wa macho kuwa pazia la ulimwengu mwingine, na Bely aliifanya fahamu iwe mahali ambapo pazia hilo linapasuka. Kumdai aifunge ndani ya fuvu ni kumdai aache imani iliyomfanya aandike.

Baadaye niliirudia riwaya polepole. Ni mwaka 1905. Nikolai, mwana wa seneta, amepewa bomu ndani ya kopo la sadini ili amuue baba yake. Ameshalitega, kisha anasinzia akiwa ameliinamia. Usingizini hajui tena kama yeye ni mtu au ndiye bomu lenyewe. Sentensi zinakatika, zinajirudia, zinadunda kama ushairi, na hofu inamwingia msomaji kupitia mdundo huo kabla hajaelezwa lolote. Nikasoma pia Kotik Letaev, ambamo Bely anaifuata fahamu ya mtoto mchanga asiyejua bado mwili wake unaishia wapi na chumba kinaanzia wapi. Huyu si mtu wa kubabaisha. Alijua anakokwenda, mimi ndiye sikumfuata.

Nimemwandikia mwanafunzi yule, nikamweleza kosa langu na kumwomba radhi. Tasnifu aliyoiacha siwezi kumrudishia. Ninaungama hadharani kwa sababu neno la mwalimu huzima kazi ambayo hakuna atakayejua kuwa ingeandikwa. Asiyekisoma kitabu kwa makini hana haki ya kumkataza mwenzake kukisoma. Haki hiyo mimi sikuwa nayo, nikaitumia.