Mwaridi wa Bibi

Tanga, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Masika yameanza. Shangazi yako amesikia kwamba nyumba ya bibi kule Lushoto imepata mnunuzi, na kwamba Jumamosi unakusudia kuung'oa ule mwaridi wa barazani uupeleke kwako Soni. Anakusihi uiweke sururu chini kwanza.

Anakusihi kwa sababu aliwahi kukosea. Zamani, katika joto la Januari, alichimba chipukizi la mwaridi huohuo, akalileta Tanga kwa basi mizizi ikiwa wazi. Siku ya kumi likawa kuni. Bibi hakumlaumu, alimwambia tu kwamba mwenye mkasi hutangulia, mwenye jembe hufuata.

Bibi alisema kweli. Tazama mwaridi mtambaaji uitwao Lady Banks: ulitoka China ukafika bustani ya Kew, London, mwaka 1807. Mwaka 1885 vipandikizi vyake vilitumwa kutoka Scotland hadi Tombstone, mji wa machimbo huko Arizona, kwa mke wa mhandisi wa migodi. Kimoja kilipandwa nyuma ya nyumba ya wageni. Leo shina lake limenenepa kama la mwembe, matawi yametandazwa juu ya chanja kufunika ua mzima, na watu hulipa kiingilio wakae kivulini mwake. Huko Tombstone haukufika mti mzima, kilifika kipandikizi.

Basi anza na vipandikizi, wiki hii, udongo ukiwa na unyevu. Tawi linalofaa ni lile lililotoka kuchanua, si teke wala si gumu kama mti. Hukatwa kwa urefu wa penseli, chini kidogo ya jicho, majani yote yakaondolewa isipokuwa mawili ya juu. Nusu yake huzikwa kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Panda kumi na viwili, maana nusu huenda vikaoza. Usivivute kuangalia mizizi! Baada ya wiki sita hadi nane majani mapya yatakujulisha.

Mbegu achana nazo. Mche wa mbegu huzaa ua jingine.

Tawi refu la upande wa kisima nalo lilazwe chini, gome likwaruzwe, lifukiwe na kukandamizwa kwa jiwe, ncha ikibaki juu. Hilo huendelea kunyonya kwa mama yake huku likiota mizizi, kwa hiyo halina haraka.

Sasa shina lenyewe. Huko Hildesheim, Ujerumani, mabomu ya Machi 1945 yaliliteketeza kanisa kuu pamoja na mwaridi mkongwe uliotambaa ukutani. Mizizi iliyobaki chini ya kifusi ikachipua upya. Nguvu iko chini. Lakini mwaridi uliobebeshwa hauko hivyo: kinachochipua chini ya kovu la kubebeshea ni maua ya mti mwingine. Wa bibi hauna kovu, shangazi yako aliupapasa mwenyewe, kwa hiyo chipukizi lolote la mzizini ni lake.

Chimba mfereji kuuzunguka sasa, sentimita 40 kutoka shinani, ukate mizizi iliyokwenda mbali, kisha urudishie udongo na samadi iliyooza. Mizizi midogo itaota karibu. Mwezi wa saba, baridi ikikolea, pogoa matawi yabaki kimo cha kiuno, toa bonge zima la udongo, lifunge kwa gunia bichi, na lipandwe jioni ileile. Shimo la Soni lichimbwe mapema, pasipowahi kuwa na mwaridi.

Mnunuzi aombwe asubiri hadi hapo. Shangazi yako atazungumza naye. Vipandikizi viwili mpe jirani wa bibi avitunze kwake. Jumamosi shangazi yako atapanda basi la asubuhi, na mkasi anao.

Shangazi yako