Puti Juu ya Kutu

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa zaidi ya miaka 20 naishi Coventry, Uingereza, nikiendesha basi. Siandiki haya kwa kuwa nimefika mbali. Naandika kwa kuwa huenda wewe unayesoma una kitu umekifunika, nami najua uzito wa kuishi na kitu hicho.

Mwaka 2016 nilinunua gari la Dutton Phaeton lililokuwa limelala miaka mingi chini ya turubai. Ni gari la kuunganisha nyumbani. Kiwanda kilikuuzia chesisi na bodi. Injini, giaboksi na ekseli ulivitoa mwenyewe kwenye Ford Escort kuukuu. Waingereza wana desturi hiyo tangu zamani. Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957, iliuzwa vipande vipande kwa sababu gari ambalo halijaunganishwa halikutozwa kodi ya ununuzi. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973, kodi ilipobadilishwa, lakini watu hawakuacha kujiundia magari.

Mimi nilivutwa na Escort. Marehemu baba alikuwa fundi magari, na habari za dereva Hannu Mikkola kushinda Safari Rally ya mwaka 1972 kwa Escort alitusimulia mpaka tukazikariri. Nilitaka na mimi niwe na changu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali nilipoanzia. Nilianza na mlio na mng'aro. Nilinunua kabureta mbili za Weber kwa pesa ambazo mke wangu aliamini bado ziko benki. Nikanunua rimu, nikapiga rangi nyekundu. Breki sikuzigusa. Watu walipopita na kusifu nilijiona fundi, na mtu akinishauri nilimwona ana wivu. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya kiwanda cha magari, aliniomba siku moja niache kupiga grenda Jumapili asubuhi. Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo naona haya kuyaandika. Hatukusalimiana kwa mwaka mzima.

Majira ya baridi ya 2018 nililala chini ya gari nikiwa na brashi ya waya, nikisugua bomba la chesisi karibu na mahali mkanda wa kiti cha abiria unapofungwa. Brashi ilizama. Chuma kiliachia, kikaniangukia kiganjani vipande vyepesi kama magamba ya samaki.

Siwezi kusema sikuelewa. Mtu wa pwani haelezwi habari za chumvi. Nimekulia katika nyumba ambayo upepo wa bahari ulikuwa ukila mabati yake kila mwaka. Na huku Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisigande barafu, kisha chumvi hiyo hujificha kwenye vyuma vya gari. Nilijua vizuri nilichokishika. Lakini kuchomelea sikujua, na kumwomba mtu msaada kulinishinda. Nikachanganya puti, nikajaza shimo, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Asubuhi palionekana papya.

Mwaka 2019 nililipeleka gari kwenye MOT, ukaguzi wa usalama wa magari huku Uingereza. Mwanangu wa kiume, wakati huo miaka 14, alikaa kiti hicho cha abiria, akafunga mkanda huo, akacheka njia nzima kwa furaha.

Mkaguzi aliliinua gari juu, akawa anagonga chesisi pole pole kwa kinyundo chake. Ti, ti, ti. Akafika pale. Du. Akagonga tena. Du. Akabonyeza, puti ikameguka, na sote watatu tukaliona shimo. Aliniambia gari halitaondoka pale kwa magurudumu yake.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Sikujua, mwanangu."

Tulirudi nyumbani ndani ya gari la kuvuta, hakuna aliyeongea. Usiku usingizi haukuja. Ilipokaribia saa tano niligonga mlango wa chumba chake, nikakaa chini, nikamwambia kweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuona unapaka. Nilidhani wewe ni fundi, unajua unachofanya."

Kumbe aliniona nikilifunika shimo, akakaa kwenye kiti kile kwa sababu mimi ni baba yake.

Usiku huohuo nilimwamsha mke wangu, nikamweleza habari za pesa. Hakupiga kelele. Aliuliza ni kiasi gani, akageukia ukutani. Kurudisha imani yake kulinichukua muda mrefu kuliko kurudisha pesa.

Siku tatu baadaye nilibisha hodi kwa jirani. Nilimwomba radhi kwa maneno yale, kisha nikamwomba anifundishe kuchomelea. Nilitegemea afunge mlango, na angekuwa na haki. Alivaa viatu, akaja kulitazama gari. Jumamosi iliyofuata aliburuta mashine yake ya kuchomelea mpaka gereji yangu. Pesa alizikataa. Alichokubali ni chai ya tangawizi.

Alinisimulia kuhusu zile Lotus. Inasemekana sheria ya kodi ilikataza mnunuzi kupewa maelezo ya kuunganisha gari, basi kiwanda kikawapa watu maelezo ya kulifungua, wayafuate kwa kurudi nyuma. "Na wewe," akasema, "utajifunza gari hili kwa kulifungua." Tukalifungua lote, mpaka ikabaki chesisi tupu.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko. Nilikata chuma kibovu mpaka nikafika kwenye kizima, na kila nilipodhani nimefika, kutu ilikuwa mbele yangu. Kiraka changu cha kwanza kilipendeza kwa juu. Mzee alikigonga nyundo mara moja, kikabanduka, maana moto haukuwa umeingia ndani ya chuma. Nilikasirika, nikatupa glavu, nikakaa wiki tatu bila kukanyaga gereji. Niliporudi nilikuta amezipaka sehemu nilizosafisha rangi ya kuzuia kutu, zisiharibike tena nikiwa nimenuna. Hakunikumbusha hata siku moja.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Corona ulipotutenganisha, tuliporuhusiwa kuonana nje alikaa kwenye kiti mbali na mlango wa gereji, akinielekeza kwa fimbo. Alinifundisha kusikiliza. Moto ukikolea sawasawa, alisema, hulia kama kitu kinachokaangwa. Siku niliposikia mlio wa vitumbua kwenye mafuta, kiraka kilipigwa nyundo na hakikutikisika. Mwanangu ndiye aliyepiga.

Kabureta za Weber niliziuza, nikarudisha moja ya kawaida. Pesa hiyo ilinunua breki mpya na mikanda mipya. Kisha ndipo tukafunga giaboksi ya gia tano ya Ford Sierra, propela ikapunguzwa urefu na fundi wa kazi hiyo. Mwaka 2022 gari lilipita ukaguzi. Mkaguzi aligonga chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, na mlio ulikuwa mmoja.

Abiria wa kwanza alikuwa jirani yangu. Alifunga mkanda bila kuniuliza swali. Namshukuru Mungu kwa mzee huyo, ambaye nilimtukana naye akanipa Jumamosi zake. Sikuwa na cha kumlipa, na sina mpaka leo.

Kiraka kile cha chini ya kiti sikukipaka rangi nyeusi. Nilikipaka vanishi isiyo na rangi, ili mshono uonekane.

Ndugu msomaji, nawe kama una shimo ulilolijaza puti, iwe ni deni, ugonjwa, au jambo ulilolificha nyumbani, usingoje kinyundo cha mkaguzi. Kuna mtu amekaa kwenye kiti hicho kwa sababu anakuamini. Nenda kamwambie leo, kisha tafuta anayejua kuchomelea.