Divai Kongwe na Ulimi Mwaminifu

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, msemo huo waifaa hata divai. Eneo hilo liliwekewa mipaka kwa amri ya serikali mwaka 1756, na zabibu za miteremko yake ndizo zitoazo divai ya Porto.

Vyaelea vimeundwa. Maji ya zabibu yangali yakichacha, hutiwa pombe kali ya zabibu. Kuchacha hukoma, na sehemu ya sukari hubaki. Ndiyo sababu divai hiyo ina kilevi cha asilimia 20 hivi, yaani mara nne ya bia ya kawaida. Iliyo bora kabisa ni ya mavuno ya mwaka mmoja tu, nayo hutangazwa katika miaka michache miongoni mwa kila kumi. Hukaa katika mapipa miaka miwili hivi, kisha hutiwa chupani, ikomae humo kwa miaka 20, 40 au zaidi. Huko Uingereza, jamaa wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumwekea mtoto mchanga divai ya mwaka wake wa kuzaliwa, apate kuinywa akiwa mtu mzima.

Siku ya kuonja, chupa huwa imesimamishwa wima tangu jana yake ili mashapo yatue. Kizibo kikuukuu huvunjika upesi, basi hung'olewa polepole. Divai humiminwa katika chombo cha kioo, mshumaa ukimulika shingo ya chupa. Mashapo yakikaribia, mkono husita.

Tuseme zimewekwa mezani divai za mwaka 1963, 1977 na 1994. Bilauri ziwe za namna moja, na chupa zifichwe. Mwonjaji hutazama rangi kwanza: divai changa ni nyekundu ya kuiva, karibu na weusi, kongwe hufifia ikawa kama tofali. Hunusa: changa yanukia matunda mabichi, kongwe yanukia tini kavu, lozi na asali. Kisha huonja, akipima utamu na ukakasi, na mwisho hutema, maana aliyelewa hapimi kitu.

Chupa hufichwa kwa sababu jina na mwaka hutawala ulimi. Umri hutoa, lakini pia hunyang'anya. Divai iliyokaa kupita kiasi hupoteza matunda yake, ukabaki utamu mtupu na ukali wa pombe. Kwa hiyo mwonjaji mwaminifu huandika hukumu yake kabla chupa hazijafunuliwa. Akiifuta baada ya kuona mwaka, hakuonja divai, ameonja karatasi iliyobandikwa.

Chupa kongwe ikishafunguliwa, harufu yake hupungua ndani ya siku moja au mbili. Haifai basi kunywewa na mtu mmoja; hugawanywa kwa vijibilauri vidogo, kila mmoja apate kidogo cha kile ambacho miaka mingi imekingoja.