Mtoto aliyeona miezi miwili



Pwani yetu ya Bagamoyo inatazama mashariki. Mgeni aliyezoea picha za hilali juu ya mawimbi hushangaa akituona, jioni ya tarehe 29, tumeipa bahari mgongo na kukodolea macho upande wa bara, juu ya minazi na miembe, kule jua lilikozama. Baharini hutoka mwezi mpevu. Hilali tunaitafuta bara, na mara nyingi hujificha nyuma ya matawi kabla hatujaishiba.

Jioni ya tarehe 29 Rajab mwaka uliopita niliwachukua wanafunzi 11 wa madrasa hadi kiwanja kilicho wazi. Nilikuwa na darubini ya macho mawili niliyoinunua kwa shilingi 15,000 kwa mchuuzi mmoja jijini Dar es Salaam. Ilikuwa nyepesi, ya plastiki, vioo vyake vyekundu vikimetameta kama kito, nami nilijiona katibu mwenye kuichunga vyema amana ya watu. Hilali ilipoonekana kwa macho matupu, watoto wakaanza kupokezana darubini. Saba wa mwanzo wote walisema, "Nimeuona, Maalim." Wa nane, kijana wa miaka 9, aliishusha akasema, "Maalim, mimi naona miezi miwili."

Wenzake walicheka. Mimi nilimkemea mbele yao. Nilimwambia kwamba kuuona mwezi ni ushahidi, kwamba kwa kuuona watu hufunga na kwa kuuona hufungua, na afanyaye mzaha katika jambo hilo hastahili kusimama pamoja na wanaoutafuta. Alinirudishia darubini kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akaenda kukaa nyuma ya watu wote.

Baada ya Isha nilisimama uani nikaielekeza darubini ile kwenye taa ya nyumba ya mbali. Taa zilikuwa mbili. Nikafumba jicho la kushoto, ikabaki moja. Mirija yake miwili haikuwa sambamba, kila mmoja ulitazama njia yake. Kesho yake niliwauliza wale saba, mmoja mmoja. Sita walikiri kuwa nao waliona miwili, ila waliogopa kusema. Nilimwomba radhi yule kijana darasani, mbele ya wale wale waliomcheka, na sikumbuki kama nimewahi kusimama mahali pagumu zaidi ya pale.

Nilipolipeleka suala la darubini nyingine kwenye kikao cha kamati, mweka hazina, ambaye ana umri wa baba yangu, alisema, "Katibu, mwanangu, macho Mwenyezi Mungu katupa bure." Hakukosea. Masheikh wana maneno marefu kuhusu kuuona mwezi kwa vyombo, na si kazi yangu kuyaingilia hapa. Nilimjibu kwamba hilali ni usiku mmoja katika mwezi, na siku zilizobaki watoto wana ndege, majahazi na nyota. Akakubali, kwa sharti kwamba safari hii nimuulize ajuaye. Nilimwendea mwongoza wageni apelekaye watu Saadani kutazama ndege.

Kwenye kila darubini huandikwa namba mbili, mathalani 8x21. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi wetu hudhani namba ya kwanza ikizidi ndiyo ubora. Kwa mtoto ni kinyume chake, kwani mtetemeko wa mkono nao hukuzwa, na eneo analoliona hupungua. Zinazomfaa ni 6 hadi 8. Kisha gawa ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ya 8x21 hutoa milimita 2.6 tu: mchana inatosha, Magharibi inaingia kiza. Ya 6x30 hutoa 5. Lakini hapo unalipia kwa uzito, maana ile ndogo ina kama gramu 200 na hii hukaribia nusu kilo. Zile za mabaharia, 7x50, msimvishe mtoto shingoni.

Nisilolijua kabisa ni kwamba macho ya mtoto yamekaribiana kuliko yetu. Bawaba za darubini nyingi za watu wazima hazikunjiki kiasi cha kumtosha, naye hubaki akitazama kwa jicho moja huku mzazi akidhani anaona. Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na mtoto wake. Aielekeze kwenye nguzo ya mbali na kufumba jicho moja baada ya jingine. Vioo vyekundu aviache, na zile za kuvuta karibu na mbali kwa kitufe pia. Na asimruhusu mtoto kuinua darubini jua likiwa halijazama lote, hata ukingo wake tu, kwani kutazama jua kwa darubini huunguza jicho pasipo maumivu ya kumwonya.

Tulinunua mbili za mtumba, 6x30, baada ya kuzikataa nne. Mlinzi wake ni yule kijana. Ijumaa jioni huzipeleka na wenzake kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na ameanza kunisahihisha nikiita kila ndege mweupe yangeyange.

Tarehe 29 iliyofuata kulikuwa na wingu jembamba upande wa bara. Wenzake wawili walisema wanahisi wanauona. Yeye alitazama muda mrefu, akapumzisha mikono, akatazama tena.

"Sijauona, Maalim," alisema.

Niliandika daftarini: haukuonekana.