Mungu Yupo, Lakini Majaketi Je?

Sisi tunaoishi Igogo, ziwa liko mlangoni petu. Watoto wetu hulitazama toka juu ya mawe ya mlimani, wakihesabu meli na mitumbwi ya tanga. Basi likizo ya Juni ilipofika, nasi tumeahidi kwenda kwa bibi yao katika kisiwa kidogo jirani na Ukerewe, nyumba nzima haikuwa na habari nyingine.

Tuliondoka Mwanza asubuhi kwa meli hadi Nansio. Ilikuwa safari tamu. Kifungua mimba wetu wa miaka sita aliimba njia nzima. Mdogo wake wa miaka mitatu alilala mapajani akiwa bado ameshika andazi.

Taabu ilianza mwaloni, tulipopanda mtumbwi wa tanga wa kutuvusha. Ilikuwa saa tisa alasiri. Asubuhi ziwa mara nyingi hutulia, lakini jua likishachoma nchi kavu, upepo huvuma kutoka majini na mawimbi huinuka. Nauli tulikwisha kulipa. Wakaongezwa watu, magunia ya mahindi, baiskeli, hata mbuzi wawili. Maji yakabaki shibiri moja tu kufika ukingoni. Tukauliza majaketi ya kujiokolea. Hapakuwa na hata moja.

"Mama, msiogope, Mungu yupo," alisema nahodha.

"Mungu yupo, lakini majaketi hayapo," tulimjibu, tukateremka.

Aibu iliyoje! Watoto walilia, abiria walicheka, na nauli haikurudi. Mama mmoja mwema alitupa mahali pa kulala. Na ule mtumbwi? Ulifika salama. Sisi tulivuka kesho yake alfajiri, kwa boti yenye majaketi.

"Imani yenu haba," bibi yao alitutania.

Neno hilo lilituchoma. Tulikumbuka habari ya dhoruba katika Marko 4, jinsi Bwana alivyowauliza wanafunzi kuhusu imani yao. Je, nasi tulistahili kukemewa? Tuliomba, tukatafakari. Wanafunzi wale walivuka kwa agizo la Bwana mwenyewe. Na Bwana huyo huyo, katika Mathayo 4, alikataa kujitupa toka kinara cha hekalu ili kumjaribu Mungu. Kumtumaini ni jambo moja. Kumjaribu ni jingine.

Nasi watu wa Mwanza tuna makaburi ya kutukumbusha, kule Igoma. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, iliyojaza watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 walipotea. Zote mbili zilikuwa zimekaribia kufika. Kuzoea njia si kinga.

Akina mama wenzetu, msiwanyime watoto furaha ya ziwa. Ni zawadi ya Mungu. Ila vukeni asubuhi. Ulizeni majaketi kabla ya kutoa nauli, na mhakikishe la mtoto linamtosha, kwa maana la mtu mzima humchomoka akiwa majini. Lifungeni tangu nchi kavu. Na chombo kikijaa, shukeni, hata wakiwacheka.

Bibi yao alitusubiri siku moja tu. Alitupokea wote wanne.