Kiwanja cha Mbagala na Shahada ya Pili

Jioni moja binti yangu, aliye mwaka wa tatu Mlimani akisomea sayansi ya siasa, aliniletea barua sebuleni. "Baba, nisomee hii kabla sijaituma." Ilikuwa barua ya kueleza nia yake ya kusoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa ng'ambo. Mama yake nami tulikwisha azimia kwamba akipata nafasi bila ufadhili, tutauza kiwanja chetu cha Mbagala.

Niliisoma mara mbili. Ilijaa maneno makubwa: amani, utandawazi, maendeleo ya bara letu. Nikamwuliza, "Mwanangu, katika barua hii wewe uko wapi?" Akanyamaza.

Hofu yake ilikuwa alama. Ana wastani wa 3.9 katika 5, yaani daraja la pili la juu, naye aliamini kwamba asiye na daraja la kwanza amefungiwa milango. Tukaketi, tukasoma masharti moja baada ya jingine. Tukaona kuwa alama humvusha mtu kizingiti tu. Baada ya hapo hutazamwa barua za walimu wanaomjua kwa kazi zake, ujuzi wa lugha, na kazi aliyokwisha ifanya. Chevening, ufadhili wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hudai saa 2,800 za kazi, yapata miaka miwili. Mwanafunzi ambaye hajapata kuajiriwa atazitoa wapi?

Alipovunjika moyo nilimkumbusha habari za Dkt. Salim Ahmed Salim. Mwaka 1964 alikuwa balozi Misri akiwa na umri wa miaka 22. Shahada yake ya uzamili aliipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1975, wakati akituwakilisha Umoja wa Mataifa mjini New York. Kazi ilitangulia, shahada ikafuata. Sikutaka ajilinganishe na balozi, bali aone kwamba miaka ya kazini si miaka iliyopotea.

Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza: "Mbona hukuandika habari za Kasulu?"

Kumbe! Tangu utotoni binti huyu huenda likizo kwa bibi yake Kasulu, wilaya yenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Amekaa na wenzake waliozaliwa kambini, akasikia wakieleza nchi wasiyopata kuiona. Hayo hakuyasoma kitabuni.

Ameiandika barua upya, lakini hajaituma. Ameamua kwanza amalize masomo, atafute kazi ya kuwahudumia wakimbizi huko Kigoma, na ajifunze Kifaransa, ambacho ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa.

Nami nina la kuungama. Haraka ile haikuwa yake peke yake. Nilitamani kuwaambia majirani kwamba binti yangu yuko ng'ambo, na kwa ajili ya fahari hiyo nilikuwa tayari kuuza ardhi ya wadogo zake.

Wazazi wenzangu, tuwasomeshe watoto wetu kwa moyo wote. Lakini kabla ya kuuza kiwanja, tuulizane kwanza: ni mtoto anayetaka kwenda sasa, au ni sisi? Subira yavuta heri.