Kazi nzito inayomtuliza mtoto

Mtoto mwenye otizimu, yaani usonji, si mchawi wala hakukosa adabu. Mara nyingi masikio, ngozi na macho yake hupokea mambo kupita kiasi, ao kidogo mno. Mvua ikipiga manjanja, kwake ni kama nyundo kichwani.

Katika darasa langu yuko mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akiziba masikio na kukimbia nje kila kengele ikilia. Majirani walimwambia mama yake kwamba ana pepo. Mama huyo nami tulichagua njia nyingine. Kila asubuhi, mbele ya masomo, anabeba kibidoni cha maji cha litri 2 toka bombani mpaka darasani, kisha tunasukuma mabenchi pamoja. Misuli na viungo vikifanya kazi nzito, mwili unajua vizuri mahali ulipo, nao unaweza kutulia. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1972.

Nyumbani, mama yake anamzungushia kikwembe mwilini na kumkaza polepole, kichwa kikiwa nje. Anampa pia maharagi katika beseni achezee kwa mikono, akimwangalia asiyatie kinywani. Mtoto akikataa, anaacha. Kumlazimisha kunaharibu yote.

Otizimu haikutoka, na kengele ingali inamsumbua. Lakini sasa anakaa darasani dakika 20, na mwezi uliopita aliandika jina lake.

Mama mwenye mtoto wa namna hiyo, usimfiche nyumbani. Umlete masomoni, tuanze na kibidoni.